Farasi na Mbung'o Chini ya Uluguru
Ufugaji wa farasi haukuota mizizi Morogoro, kwa kuwa nyanda zinazoizunguka Milima ya Uluguru zilikuwa na mbung'o, nzi wanaoeneza nagana, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu, pamoja na usubi, wadudu wadogo wanaoeneza virusi vinavyoshambulia moyo na mapafu ya farasi. Ndiyo maana mizigo ya misafara ilibebwa na wapagazi hadi reli kutoka Dar es Salaam ilipofika mwaka 1907. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts, yaliyoingia Morogoro Agosti 1916, yalipoteza farasi kwa maelfu katika kampeni yao ya Vita vya Kwanza vya Dunia kutokana na maradhi, uchovu na uhaba wa malisho, ingawa baadhi yao walipewa arseniki ili kurefushiwa maisha, hivyo mizigo ya vita ikarudi vichwani mwa wapagazi Waafrika.