Forodha ya Bagamoyo na Bei ya Pwani

Wako wanaofundisha historia ya ukoloni kana kwamba ilianza na mzinga. Katika Bagamoyo, Saadani na Pangani ilianza na mkataba wa forodha. Mzinga ulikuja baadaye kuulinda mkataba huo.

Kabla ya Wajerumani forodha ya Mrima ilikuwa ya Sultani wa Unguja, lakini hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha kwa tajiri aliyemlipa kiasi walichopatana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa faida ya tajiri. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa kampuni ya Jairam Shivji. Mkataba wa 1833 na Marekani uliufunga ushuru wa bidhaa zilizoshushwa na wafanyabiashara wake kwenye asilimia 5. Mkataba wa 1839 na Uingereza nao ulimwachia Sultani hodhi ya pembe za ndovu na sandarusi kati ya Mtangata na Kilwa. Basi ushuru mzito ukaangukia pale ambapo mikataba ya mabeberu haikuzuia, yaani juu ya pembe zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Unyamwezi.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa aliipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za pwani kwa miaka 50, kwa jina lake na chini ya bendera yake. Mwezi Agosti Kampuni ilipandisha bendera yake yenyewe Pangani, ikawataka wenye mashamba wathibitishe miliki zao, ikaziingilia na ada ambazo majumbe walizipata kwa misafara. Pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim, aliyeongoza, alikuwa na mashamba na watumwa, na hatuna haja ya kumvika joho la mtetezi wa wavuja jasho. Lakini walioinuka pamoja naye wengi wao hawakuwa na shamba wala mtumwa. Bismarck aliwaita wote watetezi wa biashara ya utumwa, akapata fedha za vita bungeni. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana, nayo ndiyo kiini cha jambo. Mwaka 1890 Sultani alilipwa marki milioni 4 akaiachilia pwani. Kampuni ilizipata fedha hizo kwa mkopo. Serikali ya Ujerumani ilipochukua utawala tarehe 1 Januari 1891, ilikuwa imekubali kuilipa Kampuni marki 600,000 kila mwaka, kutokana na mapato ya forodha za pwani ile ile! Kila frasila iliyotozwa ushuru Bagamoyo ilichangia kulipia bei ya Bagamoyo. Wananchi waliuzwa bila kuulizwa, kisha wakatozwa gharama ya kuuzwa kwao, na yote hayo kwa hati zilizotiwa saini na kupigwa mihuri kisheria.

Forodha peke yake haikumtosha mkoloni. Mwaka 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya shamba. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa kufanya kazi.