Kimeng'enya: Istilahi Iliyokwama Tumboni

Mwulize mwanafunzi wa sekondari Tanzania kimeng'enya ni nini, na jibu litakuja haraka: ni kitu kinachovunja chakula tumboni. Pengine atakutajia amilesi ya kwenye mate, inayovunja wanga, na pepsini inayoshughulikia protini. Hajakosea. Lakini mwanafunzi huyohuyo akipanga mstari kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kukimbia mita 400, mapaja yake yamejaa vimeng'enya ambavyo ndivyo vitakavyoamua atafika vipi kwenye utepe, naye hajui kwamba neno alilojifunza darasani linavihusu.

Sehemu ya chanzo ni neno lenyewe. Limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kukivunjavunja chakula hadi kiwe chembechembe ambazo mwili unaweza kuzifyonza. Ukitanguliza ki- unapata kitu kinachotenda kazi hiyo, kwa muundo uleule uliotupa kipaza sauti na kinasa sauti. Ni uundaji safi: neno halihitaji maelezo, linajieleza. Tatizo ni kwamba linaeleza kazi moja tu, na pahali pamoja tu.

Sehemu nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi, ni shule. Mtoto wa Kitanzania katika shule nyingi za msingi hukutana na vimeng'enya kwa Kiswahili, katika somo la mmeng'enyo wa chakula. Akiingia kidato cha kwanza, sayansi inageuka kuwa ya Kiingereza. Upumuaji wa seli, mitokondria, misuli, chembeuzi, vyote anavisoma kwa lugha nyingine. Neno la Kiswahili linabaki pale lilipoachwa, tumboni, si kwa sababu ya udhaifu wake bali kwa sababu halikupewa nafasi ya kukua pamoja na mwanafunzi.

Kimeng'enya, kwa maana yake kamili, ni molekuli ya viumbe hai, karibu kila mara protini, inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kumalizika. Baadhi huvunja. Vingine huunganisha: kipo kinachopanga viungo vya DNA kimoja baada ya kingine kila seli inapotaka kujigawa. Na ndani ya seli nyekundu za damu kuna kimoja, kaboniki anhidresi, ambacho molekuli yake moja inaweza kuibadili kabonidioksidi kwa kasi inayofikia mara 1,000,000 kwa sekunde, ndiyo maana hewa chafu ya misuli huweza kusafirishwa hadi mapafuni na kutolewa nje. Hakuna chakula hapo.

Turudi uwanjani. Bastola inapolia, misuli inaendeshwa na molekuli iitwayo ATP, na akiba yake haimalizi hata kona ya kwanza. Hapo kriatini kinesi huingia kazini. Huchukua fosfeti kutoka kwenye kriatini fosfeti na kuikabidhi kwa ATP iliyotumika, kama mkimbiaji anavyokabidhi kijiti, na ATP inakuwa hai tena. Ni njia ya haraka kuliko zote, ila akiba hiyo nayo hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi. Wakati huo kimeng'enya kingine, fosforilesi, kimeshaanza kukata glikojeni iliyohifadhiwa kwenye msuli, na sukari inayopatikana inapitishwa kwenye msururu wa vimeng'enya hadi kuwa piruveti. Kwa kasi ile mitokondria, vinu vya nishati vya seli, haziwezi kuipokea piruveti yote, kwa hiyo lakteti dihidrojenesi huigeuza kuwa lakteti.

Lakteti ndiyo ile ambayo makocha wengi huiita asidi ya laktiki na kuilaumu kwa kila kitu: miguu kukaza mita 80 za mwisho, na misuli kuuma kesho yake. Lawama hiyo imezidi. Lakteti dihidrojenesi inapofanya kazi hurudisha molekuli iitwayo NAD, na bila NAD msururu wote wa kuvunja sukari ungesimama katikati ya mbio. Kimeng'enya hicho kinamwezesha mkimbiaji kuendelea. Lakteti yenyewe hubebwa na damu, na moyo huitumia kama nishati. Maumivu ya kesho na keshokutwa yanatokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogokidogo. Lakteti ilikwishaondoka saa nyingi kabla.

Hakuna anayekwepa hesabu hii. Mkenya David Rudisha, aliyenolewa na Bruda Colm O'Connell kule Iten, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012. Mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28, wa pili 51.63. Hata mwili ule uliovunja rekodi ya dunia ulipungua kasi njia za haraka zilipoelemewa.

Mazoezi hubadili vimeng'enya vyenyewe. Mwaka 1967 Mmarekani John Holloszy alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa waliongeza takriban maradufu uwezo wa vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli yao. Kwa hiyo mwalimu wa michezo anayempangia kijana mbio ndefu za taratibu za asubuhi anajenga vimeng'enya, ajue asijue. Na anaposisitiza kupasha misuli joto kabla ya mchujo, anavisaidia pia, kwa kuwa kasi yao hupanda kadiri joto la msuli linavyopanda, hadi kikomo fulani.

Basi tulitupe neno? Wapo wanaopendelea enzaimu, na wapo wanaosema kichocheo kingetosha. Sikubaliani nao. Kichocheo tayari kina mzigo: magazeti hukitumia kwa homoni, na wanakemia kwa kitu chochote kinachoharakisha mmenyuko, hata kipande cha madini. Enzaimu nayo haimwambii msomaji lolote. Tena, neno la kigeni lenyewe lilianza likiwa finyu kuliko letu. Mjerumani Wilhelm Kühne aliliunda miaka ya 1870 kwa Kigiriki chenye maana ya "ndani ya chachu", kwa sababu ubishi wa wakati huo ulihusu uchachu. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba majimaji yaliyokamuliwa kwenye chachu, bila seli hai hata moja, bado yaliweza kugeuza sukari kuwa pombe, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Leo daktari anayetamka neno lile hafikirii chachu wala pombe. Lilipanuka kwa kutumiwa. Kimeng'enya nacho kitapanuka vivyo hivyo, mradi kitumiwe nje ya sura ya mmeng'enyo wa chakula.

Haja ipo, tena ni ya kiafya. Kuna watu wachache wanaozaliwa bila fosforilesi ya misuli, hali aliyoieleza Mwingereza Brian McArdle mwaka 1951. Mtoto wa namna hiyo akikimbia mzunguko mmoja misuli humkaza vibaya, na mkojo unaweza kugeuka rangi ya chai nzito. Walimu watamwita mvivu. Kuna pia upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Upungufu huu umeenea katika maeneo yenye malaria, pamoja na pwani yetu, na huwapata zaidi wanaume. Mwenye nao akipewa primakwini, dawa ya malaria, seli hizo zinaweza kupasuka.

Jambo la kawaida zaidi ni vipimo. Mwanariadha aliyekimbia michujo na fainali siku mbili mfululizo akipimwa damu, vimeng'enya vinavyoitwa vya ini, AST na ALT, vinaweza kuonekana vimepanda, na familia ikaingiwa na hofu ya homa ya ini. Vimeng'enya hivyo vimo pia kwenye misuli, na huvuja kuingia kwenye damu baada ya juhudi kubwa, vikikaa juu kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu daktari makini huagiza na kriatini kinesi, ambayo ni ya misuli hasa, pamoja na GGT, kimeng'enya cha ini ambacho msuli haukitoi. Kriatini kinesi ikiwa juu na GGT ikiwa ya kawaida, ini huenda halina tatizo; kijana apumzike, anywe maji, na damu ipimwe tena baada ya wiki moja au mbili. Ila daktari hawezi kufika huko kama hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa wake ametoka mashindanoni.