Kenya na Somalia walipatana, mbona kivuko cha Kiunga bado kimefungwa?

Mwezi wa Machi mwaka 2024 Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa maandishi, mtu wa Bujumbura na mtu wa Mogadishu sasa ni wa nyumba moja. Lakini Mbajuni wa Kiunga akitaka kwenda kumuamkia shangazi yake Ras Kamboni, mahali palipo karibu naye kuliko Mpeketoni, hana njia halali ya kupita. Mpaka ule umefungwa rasmi tangu 2011.

Wasomaji kadhaa wameniuliza ugomvi huu ulianzia wapi, nani aliusuluhisha, na kama umesuluhishwa kweli, mbona sisi hatujaona tofauti. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja.

Tuanze na mpaka wenyewe. Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza, pamoja na Kismayo yake, hadi 1925 walipowapa Waitaliano. Mstari ulipochorwa uliwakata Wabajuni vipande viwili: Faza, Kiwayu na Kiunga huku, Chula, Koyama na Kismayo kule. Lugha moja, misikiti ya mtindo mmoja, jahazi zile zile. Hakuna aliyewauliza.

Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta. Wapwani wengine hudhani Shifta ilikuwa habari ya Garissa na Wajir tu. Waulize wazee wa vijiji vya pwani ya Kiunga waliokimbia wakaishia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine hawakurudi mpaka leo. Vita vile vilimalizwa na diplomasia ya jirani. Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwakalisha pamoja Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal. Wakakubaliana kuacha uhasama, kurudisha uhusiano wa kibalozi, na kuunda kamati ya Kenya, Somalia na Zambia ya kufuatilia utekelezaji. Naomba uikumbuke kamati hiyo, nitairudia. Kwa haki niseme pia kwamba mapatano yale hayakutuletea kila kitu, maana sheria za hali ya hatari, ambazo hata Lamu na Tana River zilihesabiwa ndani yake, zilikaa miaka mingi baada ya wakubwa kupeana mikono.

Turuke hadi 2011. Watalii walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na Oktoba mwaka huo jeshi la KDF likaingia Somalia. Mwaka uliofuata Kismayo ikatekwa kutoka kwa Al-Shabaab, KDF wakishirikiana na wapiganaji wa Ahmed Madobe, ambaye baadaye alikuwa rais wa jimbo la Jubaland. Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi wa miaka ya karibuni. Nairobi inamtazama Madobe kama ukuta kati yetu na magaidi. Mogadishu, hasa wakati wa Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo, ilimuona ni mtu anayeshikiliwa na jirani ili serikali kuu isifike Kismayo. Kila upande una la kusema, na mimi siwezi kuapa kwamba upande wetu ulikuwa msafi.

Juu ya hilo kukawa na bahari. Kenya ilitaka mstari unaotoka ufukweni uende mashariki moja kwa moja, sambamba na latitudo. Somalia ilitaka mstari unaoinama kusini mashariki, kwa kufuata katikati ya pwani mbili. Kati ya mistari hiyo miwili kulikuwa na pembe tatu ya bahari ya zaidi ya kilomita za mraba laki moja, na inasemekana chini yake kuna mafuta na gesi. Mwaka 2014 Somalia ilipeleka kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hapa niweke neno kando: mpaka wetu wa bahari na Tanzania ulikubaliwa kwa barua walizoandikiana serikali mbili mwaka 1975 na 1976, na hakuna mwanasheria wa Ulaya aliyelipwa.

Februari 2019 Kenya ilimwita nyumbani balozi wake kutoka Mogadishu, ikidai Somalia inanadi vitalu vya mafuta London ndani ya eneo lenye kesi. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alimchukua Farmaajo wakaja naye Nairobi. Walizungumza, lakini kesi ikabaki pale pale. Novemba mwaka huo Uhuru Kenyatta na Farmaajo walikutana Nairobi wakatangaza uhusiano umerudi. Haikuchukua miezi minne. Mapema Machi 2020 askari wa serikali ya Somalia walipigana na wapiganaji wa Jubaland mjini Bulahawo, na risasi zikavuka hadi Mandera. Kenya ikalalamika kuwa mipaka yake imevunjwa, nao Somalia wakalalamika kuwa waziri wa usalama wa Jubaland, waliyekuwa wakimtafuta, amepewa hifadhi Mandera.

Tarehe 15 Desemba 2020 Somalia ikakata uhusiano wa kibalozi kabisa. Siku chache kabla yake Rais Muse Bihi wa Somaliland alikuwa amepokewa Nairobi, na kwa Mogadishu hilo lilikuwa ni kutiwa kidole jichoni.

Siku tano baadaye viongozi wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, walikutana Djibouti. Rais Ismail Omar Guelleh akakabidhiwa jambo hili, naye akatuma ujumbe Nairobi na Mogadishu kuchunguza malalamiko. Januari 2021 ripoti ikatoka, ikisema malalamiko ya Somalia hayakutosha kuvunja uhusiano. Mogadishu ikaikataa ripoti kama tunavyokataa kadi ya harusi ya mtu tuliyegombana naye, ikasema imeegemea Kenya. Wiki hiyo hiyo ya mwisho ya Januari mapigano yakazuka tena Bulahawo.

Kwa maoni yangu Djibouti walikosea njia. Aliyeombwa kupatanisha akitoa hukumu, amekwisha kuwa kadhi, na aliyeshindwa kwa kadhi hatarudi kwake kuomba sulhu. Hata mabarazani kwetu, mzee anayesuluhisha mume na mke haanzi kwa kumwambia mmoja mbele ya watu kwamba kesi yake haina msingi.

Qatar ilipita mlango mwingine. Mjumbe wa Doha alikwenda na kurudi kimya kimya, na tarehe 6 Mei 2021, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Somalia ikatangaza kurudisha uhusiano na kumshukuru Amir wa Qatar. Wengine walisema ni baraka za mwezi. Yawezekana, lakini tusisahau kwamba Farmaajo alikuwa na ukaribu na Doha, na wiki hizo alikuwa amebanwa nyumbani, maana jaribio la kuongeza muda wake wa utawala lilikuwa limeleta mapigano Mogadishu, akarudi nyuma. Mtu aliyebanwa huhitaji rafiki wa kumfungulia mlango bila kumuaibisha. Na hata hivyo, siku chache tu baadaye Kenya ikasimamisha safari za ndege za kwenda Somalia kwa siku 90, ikaziruhusu tena mwezi wa Juni.

Hukumu ya bahari ilitolewa 12 Oktoba 2021. Kenya ilikuwa imesusia vikao vya mwisho na kusema haitambui mamlaka ya mahakama. Majaji walikataa mstari wa Kenya, wakachukua mstari wa katikati kisha wakauinua kidogo kaskazini kwa faida ya Kenya, kwa kuwa pwani yetu imebanwa kati ya Somalia na Tanzania. Eneo kubwa lilikwenda Somalia. Kenya ikasema haitambui hukumu. Mpaka hii leo mambo yamekaa hivyo, hakuna vita wala hakuna maelewano.

Hali ililegea zaidi alipochaguliwa Hassan Sheikh Mohamud mwaka 2022. Uhuru alihudhuria kuapishwa kwake mwezi wa Juni, na mwezi uliofuata miraa ikaanza tena kusafirishwa kwenda Mogadishu. Angalia kilichofunguliwa kwanza. Wakulima wa Meru wana wabunge wanaopiga kelele, nasi wavuvi wa Kiunga kelele zetu huishia jetini.

Mei 2023 ndipo tulipopata tumaini. Mawaziri wa nchi mbili walikutana Nairobi wakatangaza vivuko vitatu vitafunguliwa kwa zamu: Mandera na Bulahawo ndani ya siku 30, Liboi na Dhobley siku 60, Kiunga na Ras Kamboni siku 90. Tuliwekwa mwisho, lakini tuliwekwa. Kisha mashambulizi yakaongezeka, Lamu nayo ikiwemo, watu wakauawa, na Julai Waziri Kithure Kindiki akatangaza kuahirisha. Sisemi aliahirisha bila sababu. Familia zilizozika watu wao hazihitaji kuhubiriwa na mwandishi juu ya mipaka iliyo wazi. Ninachouliza ni kwamba tangu 2011 kivuko kimefungwa, na katika miaka hiyo hiyo tumepata Mpeketoni ya 2014, Garissa ya 2015 na Manda ya 2020. Magaidi hawakupiga muhuri popote. Waliozuiwa ni wenye pasipoti na vitambulisho.

Na hapa ndipo inaporudi ile kamati ya Arusha. Mapatano ya 1967 yalikuwa na nchi ya tatu iliyokaa mezani kuuliza mara kwa mara kama yaliyoahidiwa yametendeka. Ahadi ya 2023 haina Zambia yake. Kuahirisha kulitangazwa na upande mmoja, bila tarehe mpya. Sasa kwa kuwa Somalia imo ndani ya Jumuiya, Arusha ipo, sekretarieti ipo, mahakama ipo. Kazi ya kufuatilia kivuko kimoja cha Kiunga haihitaji mkutano wa marais. Inahitaji ofisa mmoja mwenye daftari, na wazee wa Kiunga na wa Ras Kamboni waitwe kwenye kikao, kwani ndio wanaojua nani ni mgeni na nani ni mwana wa nani.

Mamangu mdogo alifiwa na nduguye Kismayo mwaka jana. Kutoka Kiunga ni safari ya mashua. Yeye aliambiwa apande ndege kutoka Nairobi, akahesabu pesa za nauli, akaacha. Khitma tulimsomea Mombasa, na picha ya kaburi aliletewa kwa simu.