Mwalimu wa Shule Aliyebisha Hodi kwa Madaktari wa Meno

Alikuja ofisini kwangu Ijumaa moja alasiri, vumbi la safari bado liko kwenye viatu vyake. Nilimfundisha historia hadi alipohitimu mwaka 2017; leo ni afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri moja ya bara. Baada ya salamu na habari za nyumbani, akatulia kidogo, kisha akasema: "Daktari, nataka kuacha kazi nikasomee udaktari wa meno."

Ninakiri kwamba nilicheka. Kwanza nilicheka kwa sababu ya lile neno "Daktari". Mimi ni daktari wa falsafa. Nikipewa koleo la kung'olea jino sitajua nilishike upande gani. Pili nilicheka kwa sababu nilijua tahasusi aliyosoma kidato cha tano na cha sita: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Fizikia na Kemia aliziacha alipoingia kidato cha tatu, akiwa na miaka kumi na mitano. Nilimweleza alichokuwa anakijua tayari, kwamba shahada ya udaktari wa meno pale Muhimbili inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wa kidato cha sita, na kwamba hata stashahada ya tiba ya meno inadai masomo hayo ya sayansi kwenye cheti cha kidato cha nne. Akaniambia, bila hasira, "Najua, Daktari. Nimekuja kuuliza kama imekuwa hivyo siku zote."

Swali hilo ni la kihistoria, nami nalipwa mshahara kwa maswali ya namna hiyo. Nimelichukua nyumbani, na haya ndiyo niliyomrudishia.

Haijakuwa hivyo siku zote. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, kazi ya meno ilifanywa na watu waliotoka kwenye kazi nyingine. Mwaka 1540 Bunge la Uingereza lilipounganisha vinyozi na wapasuaji wa London katika chama kimoja, sheria iliwakataza vinyozi kufanya upasuaji, lakini ikawaachia kung'oa meno. Huko Boston, Paul Revere, sonara maarufu wa vyombo vya fedha, alitangaza magazetini kwamba anatengeneza meno ya bandia. Rafiki yake Joseph Warren alipouawa katika vita vya Bunker Hill mwaka 1775 na kuzikwa kaburi la pamoja, ni Revere aliyeutambua mwili mwaka uliofuata, kwa kuangalia waya aliokuwa ameufunga yeye mwenyewe kwenye jino la marehemu. Sonara akatoa ushahidi ambao leo tungemtaka mtaalamu wa uchunguzi wa maiti autoe.

Hata chuo cha kwanza cha udaktari wa meno duniani, kile cha Baltimore kilichopewa hati na Bunge la Maryland mwaka 1840, kilianzishwa na watu wa mchanganyiko huo. Mmoja wa waasisi wake wawili, Horace Hayden, alianza maisha katika ujenzi, na kabla ya chuo hicho alikuwa ameandika kitabu cha jiolojia. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi watano, na wawili wakahitimu mwaka 1841.

Lakini mtu niliyetaka mwanafunzi wangu amfahamu ni Lucy Hobbs, kwa sababu kisa chake kinafanana na chake mno, na pia kwa sababu mara nyingi kinasimuliwa vibaya.

Hobbs alizaliwa mwaka 1833 katika jimbo la New York. Alifundisha shule huko Michigan kwa takriban miaka kumi. Wakati huo alianza kujifunza mwili wa binadamu kwa msaada wa daktari mmoja wa mji ule, jioni baada ya kazi, kama wanavyosoma leo watumishi wengi wa umma. Mwaka 1859 alikwenda Cincinnati, jimbo la Ohio, kuomba nafasi katika chuo cha tiba. Akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Profesa mmoja wa chuo hicho alikubali kumfundisha faraghani, kisha akamshauri ajaribu meno. Sijui kama ushauri ule ulikuwa wa heshima au wa kumwondoa mlangoni; kwa yeyote aliyewahi kuomba nafasi ya masomo katika nchi yetu, tofauti ya mambo hayo mawili huonekana baadaye tu.

Mji uleule ulikuwa na Chuo cha Upasuaji wa Meno cha Ohio, kilichoanzishwa mwaka 1845. Mwaka 1861 Hobbs aliomba. Jibu likawa lilelile. Alikuwa amekwisha kuingia kwenye uanagenzi chini ya Samuel Wardle, mhitimu wa chuo hichohicho kilichomkataa. Katika karakana ya Wardle alijifunza kuziba, kung'oa na kuunda meno ya bandia, na mwaka huohuo akafungua chumba chake cha kazi. Sheria ya wakati ule haikumzuia. Mtu yeyote Marekani aliweza kubandika kibao mlangoni na kujiita daktari wa meno. Wengi wa waliofanya kazi hiyo hawakuwahi kuona darasa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alihamia magharibi, Iowa, kwanza Bellevue kisha McGregor, mji wa bandari kwenye Mto Mississippi. Huko alitibu kwa miaka mitatu. Wateja walimjua, na madaktari wenzake wa meno wakaiona kazi yake kwenye vinywa vya wagonjwa waliopita kutoka mikono yake hadi mikono yao. Hili la mwisho ni muhimu. Kujaza jino ni kazi isiyoweza kusingiziwa kwa muda mrefu: ikifanywa vibaya, inavuja, inaoza upya, na mgonjwa anarudi kwa mtu mwingine akiwa ameshika shavu.

Mwezi Julai 1865, Chama cha Madaktari wa Meno cha Jimbo la Iowa kilirekebisha katiba yake ili wanawake waweze kuwa wanachama, kikamwingiza Hobbs na kumpeleka kama mjumbe kwenye mkutano wa chama cha kitaifa mjini Chicago. Novemba mwaka huohuo, chuo kilichomkataa mwaka 1861 kilimpokea, na kwa kuzingatia miaka aliyokwisha kufanya kazi, kikamweka moja kwa moja kwenye mwaka wa mwisho. Tarehe 21 Februari 1866 alitunukiwa shahada. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari wa meno.

Kisa hiki husimuliwa kwenye makongamano ya wanawake na kwenye semina za kutia moyo kama hadithi ya mtu asiyekata tamaa. Nakubali, hakukata tamaa. Lakini tazama tena mpangilio wa matukio. Ujasiri wa Hobbs ulikuwa uleule mwaka 1861 na mwaka 1865. Kilichobadilika katikati ni kwamba kundi la watu wenye mamlaka walikaa kikao, wakaona kazi yake, wakabadilisha kifungu cha katiba yao, na chuo kikakubali kuhesabu miaka ya uanagenzi kuwa sehemu ya masomo. Bila azimio lile la Iowa, angeendelea kuwa mwanamke hodari aliyesimama nje ya mlango. Wanaharakati wanaonisoma wanaelewa ninachosema: tumezoea kusifu miguu ya mtu aliyevuka mto, tukasahau kuuliza nani aliweka daraja na kwa kura ngapi.

Kuna sehemu ya pili ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana, nami naipenda zaidi. Mwaka 1867 aliolewa na James Taylor, askari wa zamani wa vita vile, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi kwenye karakana ya reli. Mke akamfundisha mume udaktari wa meno. Wakahamia Lawrence, Kansas, wakafungua kliniki ya pamoja iliyopata wateja wengi. Mpaka rangi wa mabehewa akawa daktari wa meno kwa kufundishwa na mwalimu wa shule.

Hapa lazima nijizuie, maana msomaji mwenye haraka ataniambia: basi tuondoe masharti ya sayansi, kila mwenye nia aingie. Sisemi hivyo, na nisingekubali kinywa changu kifunguliwe na mtu wa namna hiyo. Enzi ile ya mlango wazi ilikuwa na gharama yake. Watu walikufa kwa usaha ulioenea kutoka tayani, kwa vyombo visivyochemshwa, kwa gesi na etha zilizotolewa na watu wasiojua moyo unafanya nini mtu akilala. Anayedunga ganzi leo anapaswa kujua neva ya taya inapita wapi, dawa ile inafanya nini kwenye mwili wa mgonjwa wa shinikizo la damu, na kiasi gani ni kingi mno kwa mtoto wa kilo kumi na tano. Hiyo ni kemia, ni biolojia, na hakuna insha ya historia inayoweza kukaa mahali pake.

Ndiyo maana milango ilianza kufungwa. Uingereza iliweka daftari la madaktari wa meno mwaka 1878, lakini ikawaacha wasio na cheti waendelee mradi wasijiite madaktari. Mwaka 1921 ikafunga kabisa. Na hapo serikali ile, ambayo sina desturi ya kuisifu, ilifanya jambo la busara: wale waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo kwa miaka mitano kati ya saba iliyotangulia sheria, wenye umri wa kutosha na tabia njema, waliandikishwa kwenye daftari, na kuanzia hapo kila mgeni akatakiwa kupita chuoni. Marekani nako, William Gies, mwanakemia wa Columbia ambaye mwenyewe hakuwa daktari wa meno, alitoa ripoti mwaka 1926 iliyodai elimu ya meno iwe ya chuo kikuu, yenye msingi wa sayansi chini yake.

Ila Marekani ilipoinua kizingiti haikukiweka utotoni. Mpaka leo, mtu aliyesomea muziki au sheria huko anaweza, akiwa na miaka thelathini, kurudi darasani akachukua biolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa, akafanya mtihani wa kuingia, akaomba kama wengine. Analipa, tena analipa sana, na wengi hushindwa njiani. Lakini anachoulizwa ni anajua nini leo.

Sisi tunauliza alichagua nini akiwa na miaka kumi na mitano. Na neno "alichagua" lenyewe lina uongo ndani yake. Mwanafunzi wangu alikuwa kidato cha tatu mwaka 2010, katika sekondari ya kata. Kampeni ya kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata ilikuja kupamba moto mwaka 2014, alipokuwa anamaliza kidato cha sita. Shule yake haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Kemia ilifundishwa ubaoni, rangi za mmenyuko zikielezwa kwa maneno. Mimi mwenyewe niliacha Fizikia kwa sababu kama hiyo, miaka mingi kabla yake, na kwa muda mrefu niliamini kwamba sina kichwa cha sayansi. Tunapoandika kwenye fomu kwamba mwombaji "hana msingi wa sayansi", mara nyingi tunaandika wasifu wa shule yake.

Ninyi mlio wizarani na kwenye vyuo mnaweza kunijibu kwamba njia ipo: mtihani wa taifa unaruhusu watahiniwa wa kujitegemea. Ni kweli. Afisa wa halmashauri anaweza kujisajili, kutafuta kituo chenye maabara kitakachompokea kwa mazoezi ya vitendo, kurudia masomo ya kidato cha nne, kisha ya kidato cha sita, kisha kuomba chuo, akigharamia kila hatua kutoka mshahara wake na kuomba ruhusa kwa mwajiri. Ni miaka minne kabla ya kugusa jino. Hobbs alihesabiwa miaka yake ya kazi; huyu, aliyetumia miaka kadhaa kuhamasisha akina mama kupeleka watoto kliniki, hahesabiwi hata siku moja. Mwaka mmoja wa sayansi kwa watu wazima, wenye maabara halisi na mtihani mgumu usio na huruma, unaotambuliwa na vyuo vya afya, usingeshusha kiwango cha mtu yeyote.

Nilimuuliza kwa nini meno, kwa nini asichague jambo jepesi. Akaniambia kuhusu hospitali ya wilaya anakofanyia kazi. Jino likiuma, linang'olewa. Ameona wasichana wa miaka kumi na tisa wanaofunika midomo kwa kiganja wanapocheka.

Nilimwandikia yote haya kwa barua ndefu, nikaongeza maneno ya tahadhari kuhusu mkopo wa benki na umri. Hakujibu kwa wiki tatu. Kisha ikaja picha kwenye simu yangu: risiti ya usajili wa mtahiniwa wa kujitegemea, Fizikia na Kemia, na chini yake ujumbe akiniuliza kama namfahamu mwalimu yeyote wa Fizikia aliyestaafu, anayeishi karibu na kituo cha mabasi.