Giaboksi ya Land Rover Series

Giaboksi ya Land Rover Series ni giaboksi ya gia za mkono iliyofungwa kwenye magari ya Land Rover yaliyotengenezwa Uingereza kati ya miaka 1948 na 1985. Ina gia nne za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma (rivasi). Nyuma yake hufungwa transfa, ambayo hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma na, dereva akitaka, ya mbele pia. Giaboksi hii inaweza kufunguliwa na kuunganishwa upya katika gereji ndogo, lakini kazi hiyo hudai mpangilio, usafi na vipimo. Ikiunganishwa vibaya, gia inaweza kuruka gari likiwa kwenye mteremko.

Historia

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa na kampuni ya Rover mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948. Baada ya Series I zilifuata Series II (1958), Series IIA (1961) na Series III (1971). Katika matoleo ya awali sinkronaiza ilikuwa kwenye gia ya tatu na ya nne tu, hivyo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili aliporudi gia ndogo. Series III ilipewa sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele.

Magari haya yalienea Tanganyika wakati wa ukoloni, yakitumiwa na serikali na misheni, na yaliendelea kutumika baada ya uhuru wa 1961. Wenyeji wengi huliita gari hili "Landrova".

Umuhimu katika mkoa wa Singida

Singida ni mkoa wa katikati ya Tanzania wenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Barabara za udongo hutoa vumbi wakati wa kiangazi, na kwenye mbuga kama za Wembere hugeuka tope zito wakati wa masika. Upande wa wilaya ya Iramba, barabara ya kutoka Singida kwenda Nzega hushuka mteremko mkali wa Sekenke.

Kwenye mteremko wa namna hiyo dereva huingiza gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo. Gia ikiruka na kurudi nyutro, gari hubaki likitegemea breki pekee. Breki hizo zikipata moto kupita kiasi, hupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo ubora wa kuunganisha giaboksi ni suala la usalama wa abiria na mizigo.

Muundo

Sehemu kuu za giaboksi ni hizi:

- Shafti ya kuingiza, inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi.
- Shafti kuu, inayobeba gia na sinkronaiza na kupeleka nguvu kwenye transfa.
- Shafti ya chini, ambayo gia zake huzungushwa na shafti ya kuingiza.
- Gia ya rivasi, inayogeuza mzunguko.
- Uma za gia na fimbo zake, zinazosukumwa na mkono wa gia. Vidude vidogo vya chuma na springi hushikilia fimbo mahali pake na kuzuia gia mbili zisiingie kwa pamoja.

Katika gia ya nne, shafti ya kuingiza na shafti kuu huzunguka kwa kasi moja. Transfa ina mwendo wa kawaida na mwendo wa chini wenye nguvu zaidi. Kwa kuwa haina difu ya katikati, magurudumu ya mbele hayapaswi kuunganishwa gari likiwa kwenye lami kavu.

Kuunganisha upya

Kwa kawaida giaboksi hutolewa kupitia ndani ya gari, baada ya kuondoa mabamba ya sakafu na sanduku la viti. Baada ya ukaguzi, hatua za kuirudisha ni kama ifuatavyo:

1. Kuosha kasha na vifaa vyote hadi uchafu na mabaki ya gasketi yaishe. Mchanga mmoja tu kwenye beringi hupunguza maisha yake.
2. Kubadilisha beringi zenye mlio, sili na gasketi zote, na gia zenye meno yaliyovunjika au yaliyolika pembeni.
3. Kupanga gia, bushi, washa na sinkronaiza kwenye shafti kuu kwa mpangilio ule ule uliotolewa. Nafasi ya gia kucheza hupimwa kwa fila geji na kulinganishwa na kitabu cha ufundi cha modeli husika.
4. Kuingiza shafti kwenye kasha, kuhakikisha roli ndogo zilizo kati ya shafti ya kuingiza na shafti kuu hazijaanguka.
5. Kufunga uma na fimbo pamoja na springi zake, kisha kuzungusha shafti kwa mkono na kujaribu kila gia kabla ya kufunga kifuniko.
6. Kufunga transfa, kisha kuweka klachi pleti katikati kabla ya kurudisha giaboksi kwenye injini. Uzito wa giaboksi usiachwe uning'inie kwenye klachi pleti, kwa kuwa inaweza kupinda.
7. Kujaza oili ya giaboksi aina ya EP 90. Giaboksi na transfa zina matundu tofauti ya kujazia, hivyo kila moja hukaguliwa peke yake.

Nati na bolti nyingi za magari haya hufuata vipimo vya inchi. Kulazimisha bolti ya milimita huharibu uzi wa kasha, ambalo ni la aluminiamu.

Dalili za kuunganishwa vibaya

- Gia kuruka: springi dhaifu, uma iliyolika, au gia yenye nafasi kubwa mno.
- Gia kukwaruza: sinkronaiza iliyochoka au klachi isiyoachia vizuri.
- Giaboksi kukwama kabisa: gia mbili zimeingia kwa pamoja.
- Mlio kwenye gia zote isipokuwa ya nne: mara nyingi beringi za shafti ya chini.
- Oili kupungua kwenye giaboksi na kuzidi kwenye transfa: sili iliyo kati yake imeharibika.

Mafunzo

Ufundi wa magari ni miongoni mwa fani zinazofundishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa mwaka 1994. Mafundi wengine hujifunza kazi kwa kufanya kazi chini ya fundi mzoefu katika gereji.