Kasoro za moyo za kuzaliwa (mbwa)

Kasoro za moyo za kuzaliwa kwa mbwa ni hitilafu za umbo la moyo au mishipa yake mikubwa. Inayotibika vizuri kuliko zote ni mfereji wa ateri usioziba. Mfereji huu huunganisha aota na ateri ya mapafu mtoto wa mbwa akiwa tumboni, kisha hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Ukibaki wazi, damu hurudi mapafuni, upande wa kushoto wa moyo hutanuka, na mbwa wengi wasiotibiwa hufa mapema, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja.

Kuigundua kasoro hii hakuhitaji mashine kubwa. Stetoskopu ikiwekwa juu kabisa, ndani ya kwapa la kushoto, husikika mngurumo usiokatika. Mapigo ya paja nayo huruka kwa nguvu chini ya kidole. Daktari wa mifugo wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, anaweza kuusikia mngurumo huo, ilimradi autafute. Huenda asiutafute, kwani shughuli zake nyingi ni ng'ombe, mbuzi na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Tiba ndiyo ngumu. Mfereji hufungwa kwa uzi kifua kikiwa wazi, kama daktari wa upasuaji Robert Gross alivyomfanyia mtoto wa binadamu mjini Boston mwaka 1938, au huzibwa kwa kizibo cha waya kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja. Chuo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Makerere kipo Kampala, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kasese. Dawa ya furosemidi hupunguza tu maji yanayojaa mapafuni, haizibi kitu. Mbwa aliyepona asizalishwe, kwani kasoro hii hurithiwa.