Tarehe ya Viweko vya Dhahabu vya Uingereza

Charles wa Pili aliporejea kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, matajiri wa Uingereza waligombania makabati yaliyopakwa laki (utomvu mgumu unaong'aa) kutoka Japani na China. Mafundi wa London ndio waliochonga viweko vya kuyapandisha, wala hawakujua kiasi: chini ya kabati jeusi lililotulia walijaza watoto wanene, majani na maua, vyote vikapakwa dhahabu au fedha. Kiweko kikamshinda mgeni wake kwa makeke.

Mwaka 1688 John Stalker na George Parker walichapisha huko Oxford kitabu cha kufundisha namna ya kuiga laki hiyo kwa vanishi. Baadaye akavuma fundi wa samani James Moore, aliyeshirikiana na John Gumley na kuchonga jina lake kwenye baadhi ya kazi zake. Wapaka dhahabu wengi hawakuacha hata herufi, ilhali mzigo ulikuwa wao.

Mbao ilipakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi, mkono baada ya mkono, hadi michongo ikazibika na kulazimika kuchongwa upya. Juu yake ukaja udongo laini mwekundu. Dhahabu yenyewe ilipondwa hadi pumzi ikaweza kuipeperusha. Fundi alipitisha brashi shavuni ipate mafuta kidogo, akaokota jani la dhahabu, akalilaza juu ya udongo uliolowa. Ukikaribia kukauka, alisugua sehemu zilizoinuka kwa jiwe la akiki au jino la mbwa, zikang'aa kama chuma.

Fundi wa samani Thomas Chippendale, katika kitabu chake cha michoro cha mwaka 1754, aliweka viweko vya mishumaa vilivyopindapinda kama mizizi. Msanifu majengo Robert Adam, aliyerudi kutoka Italia mwaka 1758, akavinyoosha. Sasa rangi ilitawala na dhahabu ikabaki kwenye kingo na vishada. Kwa macho yangu, hapo ndipo kazi hii ilipopata adabu.

Kufikia mwaka 1900 hivi, samani kongwe zisizo na pambo zilikuwa zikichorwa picha ili zipande bei. Kwa hiyo, hata kwenye dhahabu, mnunuzi mzoefu hutazama palipochakaa. Udongo mwekundu ukichungulia pale mikono na vitambaa vya vumbi hupita, hilo linaaminika. Ukichungulia ndani ya mikunjo ambako hakuna kidole kinachofika, basi kuna mtu aliyetumia msasa.